Mistari Miwili ya Kujazia Nafasi

Sikumwua Tosiri kwa kisu wala kwa sumu. Naomba hilo lieleweke kwanza, ili nitakapokiri kwamba nilimwua asiwepo mtu wa kunitafutia damu kwenye nguo. Nguo zangu zina wino tu. Mikono nayo ina wino. Nimeisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga wa mtoni, na wino uko pale pale chini ya kucha. Siku hizi nikila na watu huificha mikono chini ya mkeka baina ya tonge na tonge, kama mtoto aliyedokoa nyama, na watu kwa heshima zao hujifanya hawaoni.

Mji sitautaja. Umebadilishwa jina mara tatu nikiwa kazini, na mara zote tatu ni mimi niliyelipanga jina jipya, kwa hiyo najua majina ya miji yanavyotengenezwa na siyaheshimu sana. Nitasema tu kwamba katika mji ule siku haikuanza jua lilipochomoza. Ilianza gazeti lilipotoka. Kuna mara moja mtambo ulikwama, na watu wakakaa majumbani hadi alasiri wakiendelea na jana. Walioanza ugomvi jana waliendelea kugombana, kwa sababu hapakuwa na leo ya kupatania. Aliyekuwa na miadi ya leo alikaa kizingitini amevaa viatu, anasubiri. Hakuna aliyeona ajabu. Nilipoupata ule msumari uliokuwa umelegea na gurudumu likazunguka, nilisikia mji mzima ukishusha pumzi, nami, Mungu anisamehe, nilijiona mkubwa.

Mimi ni mpanga herufi. Jina langu ni Makungu, ingawa katika miaka yote ile halikuchapwa hata mara moja, na huenda ndiyo maana sina hakika nalo. Kazi yangu ni kuokota herufi za madini ya risasi moja moja kutoka visandukuni mwao, kuzisimamisha mstari juu ya mstari ndani ya fremu ya chuma, zikiwa zimegeuka kinyume, kisha kuzibana kwa kabari za mbao zisianguke. Ukifanya kazi hiyo muda mrefu unaanza kuusoma ulimwengu wote kinyumenyume. Mtu akija kwangu anacheka mimi huanza na mwisho wa kicheko. Nikisikia ahadi husikia kwanza ilivyovunjwa. Nimejiuliza mara nyingi, mtu huwapo kwa sababu gani? Kwa sababu anapumua? Mbuzi naye anapumua. Kwa sababu wengine wanamjua? Nilimjua Tosiri mimi, nikamwona kwa macho yangu kila siku kwa miezi minne, na hakuwapo.

Mwenye gazeti alikuwa Bwana Dadi, ambaye pia ndiye mhariri, na ndiye mwandishi. Wakati wa kampeni aliandika kwa majina mawili. Ukurasa wa kwanza alikuwa Mpenda Haki, akimtukana Jicho la Mji. Ukurasa wa pili alikuwa Jicho la Mji, akimjibu Mpenda Haki kwamba mama yake hakumlea. Mji uligawanyika nusu kwa nusu, watu wakapigana sokoni kwa ajili ya watu wawili waliokuwa wakinywa chai katika kikombe kimoja. Wiki moja matusi yalipozidi, Bwana Dadi alikuja kazini macho mekundu, hakulala, akaniambia Jicho la Mji safari hii amempata pabaya. Nilimpa pole. Nilimpa kwa dhati.

Wagombea walikuwa wawili, Zume na Tosiri, na jambo lilikuwa moja tu, chemchemi. Mji ule ulikuwa na chemchemi moja, chemchemi ina lango, lango lina kufuli, na ufunguo ulikaa katika ukoo wa Zume tangu kabla ya jina la kwanza la mji. Ulichota maji walipokufungulia. Zume alisema bila kufuli maji yatakwisha. Tosiri alisema ataling'oa lango. Alikuwa mzee mfupi mwenye sauti kavu, hana maneno mengi, na alilisema hilo moja kila alipokwenda, mchana kutwa, mpaka watu wakaanza kuamini kwamba lango ni kitu kinachoweza kung'oka. Kabla ya hapo walidhani liliota kama mti.

Na kura zetu zilipigwa hivi. Siku ya uchaguzi gazeti lilichapa majina ya wagombea chini ya ukurasa wa mwisho. Mpiga kura alikuja na mkasi wake, akalikata jina analolitaka, akalitumbukiza katika sanduku mbele ya Karani wa Wazee. Basi. Jina lisilochapwa halikatiki. Kila kura ya mji ule, kabla haijawa nia ya mtu, ilikuwa imepita katika vidole vyangu. Je, hayo ni madaraka? Nimeliwaza sana swali hilo. Mtawala ana ufunguo, mimi nina jina la mtawala, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuthubutu? Mimi nilikuwa na vidole tu. Na hofu nilikuwa nayo tele.

Siku tatu kabla ya uchaguzi Bwana Dadi alinipa kipande cha karatasi. Kiliandikwa: Mheshimiwa Tosiri amefariki dunia safarini. Maziko ni leo baada ya adhuhuri.

"Amefariki lini?" nikauliza. Tosiri alikuwa bara, juu ya mto, mwendo wa siku mbili, akiomba kura za wakulima.

"Sijasema amefariki," akasema Bwana Dadi. "Nimesema panga, iwe tayari. Wazee wote hufa, Makungu. Sisi tunatangulia kidogo."

Ndivyo ilivyo desturi ya kazi yetu, na sikuistaajabia. Tanzia za wakubwa hupangwa mapema. Tulikuwa na fremu moja ya tanzia, yenye mpaka mweusi mnene pande zote nne, haikuvunjwa kamwe, ilikaa rafuni imesimama na maneno yake, ukabadilisha jina tu na saa ya maziko. Nikaishusha. Nikamtoa marehemu aliyekuwamo, nikamweka Tosiri. Lakini aliyekuwamo alikuwa na vyeo vingi, na Tosiri hakuwa na cheo hata kimoja, kwa hiyo chini ya fremu ikabaki nafasi ya mistari miwili. Nikamwonyesha Bwana Dadi.

"Jazia," akasema. Alikuwa anavaa kofia aende kula.

"Nijazie nini?"

"Chochote. Nafasi tupu humfanya msomaji afikiri."

Akaenda. Nikabaki na ile nafasi. Ningeweza kuweka vipande vya risasi visivyo na herufi, vipo, tunavyo sanduku zima. Sikuviweka. Nilikaa nikaitazama nafasi kama mtu anavyotazama kiti kilicho wazi, nikaokota herufi moja, nikaokota ya pili, na vidole vyangu vikaandika kitu ambacho kichwa changu hakikuwa kimekiagiza: Akakata roho akilitaja jina la mkewe, Mkejina, na hakulitaja jina lingine lolote. Mistari miwili kamili. Haikuzidi herufi, haikupungua herufi. Nilizibana kabari na zikakaa, na nikatabasamu.

Nataka kusimama hapo kwenye tabasamu. Nimejitetea kwa mengine yote. Niliagizwa. Ilikuwa desturi. Sikujua kama itachapwa. Nilijua. Sikujua. Nilijua. Yote hayo naweza kuyageuza huku na huku mpaka yakafanana na bahati mbaya. Lakini lile tabasamu hakuna aliyeniagiza. Lilikuwa langu mwenyewe, la fundi aliyeiona kazi yake imekaa sawa, na chini yake amelala mtu.

Ilichapwa alfajiri iliyofuata. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakuwa wameuona mtambo wa chapa. Kabla ya saa tatu mji wote ulikuwa unalia. Nilitoka nje kusikiliza. Hakuna aliyelia kwa "amefariki dunia", watu hufariki kila siku. Walikuwa wakisomeana mistari yangu miwili. Muuza nazi alimsomea mteja, mteja akaisahau nazi. Wanaume ambao hawakuwahi kumtaja mke ila kwa kumwita mama fulani walisimama na gazeti mkononi, wanameza mate. Aliyetaka kuuliza maiti iko wapi aliona haya, maana ungeanzaje kumwuliza mtu anayelia? Adhuhuri jeneza likapita. Lilikuwa limepigiliwa misumari, na jepesi. Waliolibeba walisema ndivyo walivyo watu wema.

Tosiri aliwakuta njiani. Alikuwa anarudi kutoka juu ya mto, vumbi mpaka magotini, amefurahi, wakulima wamemkubalia. Alijitia kwenye msafara kama Mwislamu yeyote anavyojitia, akashika mguu wa jeneza, akauliza ni nani. Akaambiwa ni Tosiri.

"Tosiri ni mimi," akasema.

Mtu aliyekuwa mbele yake akamgeukia, akamwekea mkono begani. "Pole, ndugu yangu. Leo sote ni Tosiri."

Hayo alinisimulia mwenyewe baadaye, bila kucheka. Alikwenda nyumbani kwake. Mlangoni palikuwa na wanawake, wakamzuia kwa upole, wakamwambia bibi ameshaingia eda, na kizuka, mjane aliye edani, haonwi na mwanamume mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Alisema yeye ni mumewe. Wakasema ndiyo maana yuko edani. Alikwenda kwa Karani wa Wazee, na Karani, mtu wa haki asiye na ubaya na mtu yeyote, alimweleza sheria. Karatasi imesema amekufa. Basi alete karatasi inayosema yu hai. Au mkewe amtambue, maana mke akimtambua mumewe, wazee ni nani wakatae? Moja kati ya hayo mawili.

Ndipo akaja kwetu.

"Shikamoo, mzee," nikasema, maana ulimi umezoea.

"Marahaba." Alikuwa na gazeti mkononi. "Nani aliyepanga hii?"

"Mimi."

Aliitazama kwa muda mrefu. "Imepangwa vizuri," akasema. "Nataka maneno matatu tu. Tosiri yu hai. Uchaguzi ni kesho kutwa, fundi. Wamengoja lile lango miaka mingapi."

Bwana Dadi akatoka chumbani kwake. Alimwamkia Tosiri kwa adabu, akamkaribisha kiti, kisha akasema kwamba katika nyumba hii kilichochapwa hakifutwi. Leo tukisema jana tulikosea, msomaji atauliza na juzi je? Ataurudia mji wote nyuma, siku moja moja, na hakuna ajuaye atafika wapi. "Uchaguzi upite kwanza, mzee wangu. Tutaona." Tosiri alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Nami nikainamia visanduku vyangu nikatafuta herufi ambayo sikuwa naihitaji.

Uchaguzi ukapita. Jina lilikuwa moja la kukatwa. Waliompenda Tosiri waliikata tanzia yenyewe wakaitumbukiza sandukuni, na Karani akazitenga pembeni, kwa kuwa marehemu hatawali. Zume alishinda, akahutubu akilia machozi ya kweli, akasema mpinzani wake alikuwa mtu bora kuliko yeye, na kwa heshima yake lango la chemchemi kuanzia leo litaitwa Lango la Tosiri. Kufuli likatiwa mafuta. Nililipanga hilo pia. Siku zilizofuata nilipita pale nikaona wanawake wamepanga ndoo mstari mrefu, wamekaa juu ya mawe wanasubiri kufunguliwa, na juu ya vichwa vyao jina la mtu aliyetaka kuling'oa. Nilichukua njia nyingine. Mpaka leo nachukua njia nyingine.

Tosiri alikuja kila siku. Alikuja baada ya gazeti kutoka, akakaa kwenye benchi karibu na dirisha, akauliza, "Leo?" Nikasema, "Kesho, mzee." Sijui ni mara ngapi. Kesho zilirundikana kwenye kile chumba mpaka nikawa naona tabu kupita. Mjini waliomwona walimwambia anafanana sana na marehemu, Mungu amrehemu. Mwanzoni walimwambia kwa mapenzi, wakamkaribisha hitima, wakampa nyama nzuri. Baadaye wakaanza kumwambia si vizuri mtu kutembea na sura ya marehemu namna ile, kuna mjane. Mtu mmoja alimshauri afuge ndevu. Akafuga ndevu.

Alianza kupungua. Sisemi kukonda. Siku moja ya mvua kubwa aliingia akakaa kwenye benchi na nguo zake zilikuwa kavu. Hakuliona hilo, na mimi sikumwambia. Unamwambiaje mtu kwamba mvua haimwoni? Siku nyingine nilikuwa napanga jina lake, katika habari za lango, naye amekaa pale, na nikajikuta namtazama mmoja kisha mwingine, yule wa risasi na yule wa benchi, na moyo wangu ukamchagua wa risasi. Alikuwa mzito zaidi. Niliona haya nusura nilie. Niliweka herufi chini nikatoka nje nikasimama kwenye jua.

Kwa nini sikupanga yale maneno matatu siku ya kwanza? Nimesema hofu, na ni kweli, Bwana Dadi angenifukuza, na mpanga herufi aliyefukuzwa hana pengine pa kwenda, mji ulikuwa na mtambo mmoja. Lakini hofu peke yake ni nguo ya kuazima. Ndani yake palikuwa na kitu kingine. Tanzia ile ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupanga, na watu walikuwa bado wameibandika majumbani mwao, na mimi, mtu asiyechapwa jina, nilipita mitaani nikijua kwamba mle ndani mwote ninasomwa. Tosiri akifufuka, mistari yangu inakufa. Hilo nililijua kila niliposema kesho.

Kisha ikaja siku ya kahawa. Ilikuwa imebaki wiki moja tu eda iishe. Nilimkaribisha kahawa Tosiri kama kawaida, nikamtilia sukari bila kufikiri. Alionja akakirudisha kikombe sahanini.

"Marehemu hakuwa akipenda sukari," akasema.

Alisema vile tu, kwa sauti yake kavu, kisha akageukia dirisha. Hakuyasikia maneno yake mwenyewe. Mimi niliyasikia. Nikamwambia, "Mzee, leo."

Bwana Dadi hulala baada ya adhuhuri mpaka kanisa la mtaa wa pili ligonge kengele. Nilisubiri akorome. Nikapanga TOSIRI YU HAI, herufi kubwa kabisa tulizo nazo, nikaona nafasi iliyobaki, nikataka kuijazia. Safari hii nilitaka ukweli. Nikajiuliza, ni kweli gani ninayoijua kuhusu mtu huyu, baada ya kumwona kila siku kwa miezi minne? Anakunywa kahawa bila sukari. Alitaka kung'oa lango. Amefuga ndevu. Nilianza sentensi tatu na zote tatu zilikuwa mbaya, zinakwenda upande kama meza yenye mguu mfupi. Vidole vilivyompa kifo kizuri namna ile havikuwa na uhai wowote wa kumpa. Mwishowe nikaweka vipande vitupu. Nikachapa karatasi mia moja kwa mikono yangu, nikizungusha gurudumu polepole lisipige kelele, na mimi na Tosiri tukatoka tukazibandika sokoni, msikitini, langoni.

Watu walikusanyika. Wa kwanza kusoma alivua kofia.

"Amekufa tena?" akauliza mwenzake.

Nilitazama karatasi. Nilikuwa nimetumia fremu ya tanzia. Mpaka mweusi, mnene, pande zote nne. Jina lake halikuwahi kukaa katika fremu nyingine, mikono ilikwenda rafuni yenyewe ikaishusha, na macho yangu, yaliyozoea kuona kila kitu kinyume, hayakuona. Mama mmoja mzee akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, ile ya kwanza niliilia. Hii mbona ina nafasi tupu? Mlikosa la kusema?" Wengine wakaanza kutupa pole. Tosiri alipokea pole zote, moja moja, kwa mkono. Karani aliisoma karatasi mara mbili kwa uangalifu, akasema mpaka huu ni wa tanzia, na tanzia inasema marehemu yu hai, na hilo hakuna mwenye imani anayelipinga, wema hawafi. Lakini si hati.

"Nenda kwa mkeo," akamwambia Tosiri, na nadhani alimhurumia. "Mke akikutambua nitaandika mwenyewe."

"Eda haijaisha."

"Sauti haina eda. Zungumza naye nje ya ukuta."

Tukaenda. Tosiri aliniomba nifuatane naye, akasema hajui kwa nini, labda kwa sababu nimezoea kumwona. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na chumba cha nyuma kilikuwa na kidirisha kidogo kilichozibwa kwa kitambaa cheupe. Mlangoni alikaa mwanamke anayemhudumia kizuka. Alituambia tusimame kando, tusichungulie. Tosiri akasimama karibu na ukuta, akakohoa.

"Nyie humo ndani," akasema.

Kisha sauti ya mwanamke, imetulia. "Nani?"

"Mimi."

"Sauti naijua," akasema Bi Mkejina. "Nimeisikia siku ile ya kwanza ulipokuja mlangoni. Sikulala usiku ule."

Tosiri aliegemea ukuta kwa kiganja. Niliona mgongo wake ukilegea, mara ya kwanza tangu nimjue. "Basi waambie," akasema. "Karani anangoja neno lako tu. Sema ni mimi."

"Mume wangu niliishi naye miaka kumi na tisa," akasema. "Aliniita nyie humo ndani, kama vile tuko wengi. Akitaka maji, nyie humo ndani. Akirudi safari, nyie humo ndani. Nilidhani jina langu amelisahau. Kisha wakanisomea alivyokufa. Wewe litaje."

"Mkejina," akasema Tosiri.

"Rudia."

"Mkejina."

"Rudia tena."

Akarudia. Alilisema kwa sauti ile ile kavu ya lango na kufuli, alikuwa anajitahidi, niliona jasho kwenye shingo ya mtu ambaye hata mvua haikuwa ikimlowesha. Kisha bibi akauliza, "Uko na nani hapo?"

"Fundi wa gazeti."

"Aliyepanga ile tanzia?"

"Ndiye."

Nikasikia akisogea karibu na ukuta. Kitambaa cha dirisha kiliingia ndani kidogo kwa pumzi yake kisha kikatoka. "Fundi," akaniambia mimi, "wewe unajua. Usingeliandika bila kujua. Alilitaja vipi?"

Tosiri akanigeukia. Macho yake hayakuniomba kitu, yalikuwa yananisubiri tu kama yalivyonisubiri kwenye benchi. Neno nililokuwa nalo lilikuwa rahisi. Hakulitaja, bibi. Hakuna aliyekufa. Palikuwa na nafasi ya mistari miwili na mimi nikaijazia. Nililiweka sawa mdomoni, lote, na nilikuwa tayari kulitoa. Na upande wa pili wa ukuta mwanamke yule alikuwa ameacha kupumua ili asikie vizuri, na nikaelewa kwamba kwa miezi minne na zaidi, katika chumba kile chenye giza, alikuwa hana kitu kingine.

"Polepole, bibi," nikasema. "Mara mbili."

"Mara mbili," akasema Bi Mkejina.

Tosiri aliondoa mkono wake ukutani. Akakung'uta udongo kwenye kiganja, taratibu, akanipa mkono nikaushika, na sikuweza kujua kama nimeshika kitu. Akasema, "Ahsante, fundi." Kisha akashika njia ya kwenda mtoni. Nilitaka kumfuata. Wallahi nilitaka. Lakini bibi alikuwa bado yuko pale ukutani, na alikuwa ananiuliza tena.

"Na alikuwa amelalia upande gani?"

"Wa kulia, bibi," nikasema.